Kusaka hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka kwenye gari la zamani

Gari linagoma asubuhi. Unahangaika nalo nusu saa, mwisho linavutwa hadi gereji. Fundi anaingia, anageuza funguo mara moja, injini inanguruma. Anakutazama, nawe unabaki kujieleza kama mtoto aliyesingiziwa. Wiki inayofuata linagoma tena.

Hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka humaliza watu hela kuliko ile iliyokaa wazi. Inabadilishwa betri, kisha altaneta (inayochaji betri), kisha stata (inayozungusha injini iwake). Kila kifaa kipya kinaleta nafuu ya siku chache, maana katika kukifunga fundi amegusa vichwa vya nyaya na kuvikaza bila kujua kwamba hiyo ndiyo dawa iliyofanya kazi. Halafu mambo yanarudi palepale.

Kwenye magari ya zamani, mara nyingi kosa halimo ndani ya kifaa cha bei. Limo mahali umeme unapovuka kutoka chuma kimoja kwenda kingine: kichwa cha betri, bolti ya ethi (njia ya umeme kurudi betri), mguu wa fyuzi, mguu wa relei (swichi inayoendeshwa na umeme), pini ya soketi, kikombe cha balbu. Hapo ndipo kutu, joto na mtikisiko wa miaka 20 au 30 vinapomalizia kazi yao. Utaratibu ufuatao ndio ninaoufuata mwenyewe, na kitu kimoja kinajirudia humo mote: pima umeme ukiwa kazini, ugonjwa ukiwepo. Gari lililotulia halikuambii kitu.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya dijitali ya kawaida inatosha, mradi ipime volti za DC na za AC, na ampea hadi 10. Ongeza testa ya balbu, ile yenye ncha kama sindano na klipu ya mamba. Balbu ya indiketa ya wati 21 uliyoiungia nyaya mbili utaiona faida yake mbele. Uwe pia na waya mrefu wa kufika kutoka betri hadi taa za nyuma, msasa laini, brashi ya waya na tochi. Tafuta na mchoro wa nyaya wa gari lako, wa mwaka na toleo lake hasa, kwa sababu rangi za nyaya hubadilika toleo hadi toleo.

Vua pete na saa ya chuma. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo sigara na cheche zikae mbali. Ukifungua betri anza na hasi, ukiirudisha malizia na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, hiyo ni shoti ya betri nzima mkononi mwako. Soketi za njano chini ya usukani na chini ya viti ni za mifuko ya hewa: usizichokonoe kwa mita wala kwa testa. Na testa ya balbu isiguse nyaya za sensa au za kompyuta ya gari, maana balbu huvuta umeme mwingi kuliko mizunguko hiyo inavyoweza kubeba. Huko tumia mita tu.

Kama gari lako ni la zamani kwelikweli, angalia kwanza kichwa kipi cha betri kimefungwa kwenye bodi. Baadhi ya magari ya Uingereza ya hadi miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, na yapo ya enzi hizo yanayotumia volti 6. Namba zote zilizomo humu ni za gari la volti 12 lenye hasi kwenye bodi.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya spana

Watu hulirukia boneti. Mimi naanza na kalamu. Kila tatizo likitokea, andika: gari lilikuwa limetembea muda gani, injini ni ya moto au ya baridi, kulikuwa na mvua au umande, taa na feni vilikuwa vinafanya kazi, ulikuwa unafanya nini sekunde ile. Ulikuwa unakata kona? Umepita shimo? Umefunga mlango? Umekanyaga breki? Andika na vitu vingine vilivyozimika kwa wakati uleule. Redio, indiketa na geji zikizima pamoja, usisake vitu vitatu. Saka kimoja vinachochangia: fyuzi, relei, ethi au swichi ya funguo.

Matukio manne au matano yakishaandikwa, sura huanza kuonekana. Linalotokea baada ya nusu saa barabarani na kupona likipoa linakuelekeza kwenye kiungo cha risasi ya kulehemu kilichopasuka ndani ya relei, sensa ya kranki au koili ya plagi. Linalokuja na mvua ni maji kwenye sanduku la fyuzi, kwenye kifuniko cha distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) au kwenye mpira wa kioo cha mbele uliochoka. La mashimo ni soketi iliyolegea au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Linalokuja baada ya gari kulala siku mbili ni umeme unaovuja. Linalotokea usiku tu, taa na feni vikiwa vimewashwa, ni chaji dhaifu au ethi mbovu. Na la kugeuza usukani au kufungua mlango ni nyaya zinazokunjwa kila siku.

Usidharau hata kitu kinachoonekana cha kipuuzi. Kuna gari ambalo mwenyewe aliapa kwamba linazima akiweka rundo lake la funguo, na haligomi akitumia funguo ya akiba peke yake. Alikuwa sahihi: uzito wa rundo lile ulikuwa umekula swichi ya funguo kwa miaka, na kila mtikisiko ulikuwa ukiivuta kidogo.

Hatua ya 2: Betri, haraka haraka

Usipime betri mara tu baada ya kuzima injini, kwa sababu itakuonyesha chaji ya juu juu. Iache ilale usiku, au washa taa kubwa dakika mbili kisha uzime na usubiri kidogo. Betri nzima iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 iko hoi.

Sasa mwombe mtu apige stata huku vichwa vya mita vikiwa kwenye betri. Katika hali ya hewa isiyo ya baridi kali, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hadi 8 wakati ulianza na 12.6, betri imechoka hata kama ni mpya. Zikibaki juu ya 11 na stata inazunguka kivivu, betri ni nzima: umeme hauifikii stata. Ruka hadi hatua ya 4.

Ukiwa hapo, gusa nguzo ya risasi yenyewe kwa ncha moja ya mita, na ncha nyingine gusa kibano kilichoifunga, stata ikizunguka. Isomeke karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti, kuna utando kati yao hata kama kwa macho panang'aa. Fungua, sugua kwa brashi, osha ule unga mweupe au wa kijani kwa maji yenye magadi soda, kausha, kaza, halafu paka vaselini kwa juu.

Hatua ya 3: Chaji

Washa injini, ipandishe kidogo juu ya silensa (mwendo wake bila kukanyaga mafuta), pima kwenye betri. Unatafuta kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa, feni na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma, upime tena. Isishuke chini ya 13.5 hivi. Ikivuka 15, regyuleta (kidhibiti cha volti cha altaneta) imeharibika, nayo itapika betri na kuunguza balbu moja baada ya nyingine. Ukiona gari linalokula balbu, anza hapa.

Geuza mita iwe kwenye volti za AC, injini ikiendelea kunguruma. Zaidi ya nusu volti ya AC kwenye betri ni dalili ya dayodi mbovu (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani ya altaneta. Altaneta ya namna hiyo inaweza kuonyesha volti nzuri za DC, mkaiona nzima, kumbe inasumbua redio na kompyuta mchana, na usiku inavujisha betri.

Jambo moja la magari ya zamani ambalo vijana wengi hawalijui: kwenye mengi yao, taa ndogo ya betri kwenye dashibodi haipo kwa maonyo tu. Umeme mdogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoamsha altaneta. Balbu ikiungua au kikombe chake kikilegea, altaneta inaweza isianze kuchaji, au ianze tu ukikanyaga mafuta kwa nguvu. Geuza funguo bila kuwasha injini. Kama taa hiyo haiwaki, usiagize altaneta kabla ya kuitazama balbu.

Hatua ya 4: Ethi, na volti zinazopotea njiani

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nimepata majibu mengi kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa.

Umeme unatoka chanya ya betri, unakwenda kufanya kazi, na lazima urudi hasi. Kwenye gari, njia ya kurudia ni bodi lenyewe na injini, vikiunganishwa na betri kwa nyaya nene chache au mikanda ya shaba iliyosukwa. Watu hukagua waya wa kwenda na kusahau wa kurudi. Ethi ikiwa mbovu, umeme haukubali kukaa: unatafuta njia ya jirani. Ndiyo maana unakanyaga breki na indiketa inawaka kwa mbali, au unawasha taa na mshale wa geji ya mafuta unasogea. Ethi ya injini ikikatika kabisa, umeme wa stata unaweza kurudi kupitia kebo ya klachi au ya mafuta. Kebo inapata joto kali, inakauka, mwenye gari anabadilisha kebo mara mbili na kulaani ubora wa vipuri.

Kwa nini usipime tu kwa omu? Fanya hesabu. Stata ya injini ya petroli huvuta ampea 150 hivi. Mahali penye ukinzani wa omu 0.01 tu patameza volti moja na nusu. Mita ya kawaida haioni omu 0.01, kwani nyaya zake zenyewe zina zaidi ya hapo. Na ukipima volti gari likiwa limetulia, mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12.6 safi kabisa. Balbu au stata ikidai kazi, uzi ule unashindwa.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa na gari linalotoa mlio wa "tik" badala ya kuwaka, mara moja kwa wiki, hasa injini ikiwa ya moto. Betri ya pili hiyo. Nilikwisha kupima kila waya kwa omu, kila mmoja mzima. Mzee mmoja aliyekuwa fundi umeme wa malori akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana, mgonjwa wa moyo humpimi akiwa usingizini. Mpandishe ngazi kwanza."

Akaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Sifuri. "Haya, piga." Nikapiga stata. Mita ikaruka hadi 1.8. Volti karibu mbili zilikuwa zinapotea kwenye njia ya kurudi pekee. Akahamisha ncha ya pili kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi: 0.1. Basi kati ya betri na bodi hapana neno, tatizo liko kati ya bodi na injini. Mkanda wa ethi ulikuwa umejificha nyuma ya gia, umesukwa vizuri, unaonekana mzima. Alipofungua bolti, chini ya pete ya mkanda kulikuwa na duara la kutu rangi ya kahawia na kipande cha rangi ya bodi ambacho hakikukwanguliwa tangu injini iliposhushwa mara ya mwisho. Msasa, bolti, dakika 10. Tukapima tena: 0.15.

Fanya hivyohivyo, kwa mpangilio:

1. Hasi ya betri hadi injini, stata ikizunguka: zaidi ya volti 0.3 fungua na usafishe.
2. Hasi ya betri hadi bodi, taa zote zikiwaka: isizidi 0.1.
3. Chanya ya betri hadi bolti nene ya stata, stata ikizunguka: ikizidi 0.5, waya mnene au vichwa vyake vimechoka.
4. Chanya ya betri hadi bolti ya kutolea umeme kwenye altaneta, injini ikinguruma na taa zikiwaka: isizidi 0.3 au hivyo.
5. Kwa taa ya nyuma inayosumbua, tumia ule waya mrefu: hasi ya betri hadi chuma cha kikombe cha balbu, taa ikiwa imewashwa. Ukipata volti 2 au 3, balbu haina kosa.

Ukisafisha ethi, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi au vaselini kwa juu kuzuia unyevu. Rangi na kutu vikibaki chini ya pete, umekaza bure. Kwenye gari la zamani sioni dhambi kuongeza mkanda mpya wa ethi kutoka injini hadi bodi pembeni ya ule wa kiwandani.

Hatua ya 5: Umeme unaovuja gari likiwa limelala

Gari likizimwa na kufungwa, saa, alamu na kumbukumbu ya redio huvuta umeme kidogo. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Tatizo huanza mbali juu ya hapo. Nusu ampea, ambayo ni kama balbu ndogo moja ya buti, hula ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 itapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake kwa siku mbili. Hapo unapata lile gari linalowaka vizuri siku nyingine za kazi na kugoma Jumatatu.

Kupima: zima kila kitu, funga milango (kama lazima mlango ukae wazi, bana swichi yake ya taa kwa bisibisi au kamba), fungua boneti. Weka mita kwenye ampea 10, uhamishe waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kisha iunge kati ya nguzo ya hasi na waya wake uliofunguliwa. Mita ikiwa hapo usipige stata wala usiwashe taa kubwa, utaunguza fyuzi ya mita. Gari lisilo na kompyuta litatulia mara moja. Lenye kompyuta lipe nusu saa au zaidi lilale, kwani ukisoma mapema utasaka mwizi ambaye hayupo.

Ikibaki juu, wengi huchomoa fyuzi moja moja wakitazama mita. Inafanya kazi, ila kwenye gari lenye kompyuta, kuchomoa na kurudisha fyuzi huamsha kila kitu upya. Njia bora zaidi: rudisha waya wa betri, acha gari lilale, kisha weka mita kwenye milivolti na ugusishe ncha zake kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi ya kubana (ile ya plastiki yenye miguu miwili bapa). Sifuri maana yake hapapiti umeme. Milivolti hata moja au mbili zinaonyesha umeme unapita hapo wakati haupaswi. Mzunguko umeupata bila kuchomoa chochote.

Wavujishaji ninaokutana nao sana ni taa ya buti au ya kidroo cha dashibodi, relei iliyoganda ikiwa imefunga, redio iliyofungwa na mtu aliyeunganisha waya wa kumbukumbu na wa kuwashia pamoja, na alamu iliyofungwa mtaani. Taa ya buti ina mtego wake: ukifungua kuangalia, lazima iwake. Weka simu ndani ikirekodi video, funga, hesabu hadi 20, fungua uitazame. Na kama fyuzi zote ni safi, gusa altaneta asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa na uvuguvugu wakati injini nzima ni ya baridi, dayodi zake zinavuja.

Hatua ya 6: Fyuzi inayokatika mara kwa mara

Usiweke kubwa zaidi. Fyuzi ya 15 ikibadilishwa na ya 30, au na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, waya ndio unakuwa fyuzi, tena chini ya kapeti, karibu na miguu yako.

Badala ya kumaliza pakiti ya fyuzi ukisaka, chukua ile balbu ya wati 21 na uiunge kwenye miguu miwili ya fyuzi iliyokatika. Zima au chomoa vitu vinavyotumia umeme wa mzunguko huo. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote, na haitapitisha hata ampea mbili, kwa hiyo waya uko salama. Shoti ikiondoka, balbu inafifia au inazima. Sasa unaweza kutembea na mkono wako juu ya mafungu ya nyaya, ukitikisa kidogo hapa, ukivuta kidogo pale, jicho likiwa kwenye balbu.

Kwa njia hii nilinasa kitu ambacho kilinisumbua miezi. Geji zote zilikuwa zinakufa kila baada ya wiki mbili tatu, fyuzi ya 15 imekatika. Ninaweka nyingine, kimya. Daftari ndilo lililosema: mara zote nilikuwa nimetoka kurudi nyuma, na mara zote palikuwa na mwinuko. Mchoro wa nyaya ukaonyesha taa za rivasi na geji zinashiriki fyuzi. Nikaweka balbu, nikatoa balbu za rivasi, nikazuia magurudumu kwa mawe. Rafiki akakaa kwenye usukani, akavuta breki ya mkono, akaweka rivasi na kuachia klachi kidogo kidogo hadi injini ikaanza kulemewa, mimi nimesimama pembeni. Balbu ikawaka ghafla kama taa kubwa. Mpira mmoja wa kubeba injini ulikuwa umekatika. Injini ikilemewa kurudi nyuma ilijiinua kama vidole viwili na kubana waya wa swichi ya rivasi kwenye ukingo wa chuma. Ganda lilikuwa limekatwa mahali padogo kuliko punje ya mchele. Tepu peke yake ingedumu mwezi, kwa hiyo dawa ilikuwa mpira wa injini.

Fyuzi za zamani za mtungi, za kioo au zile zenye ncha za koni, zina ugonjwa wao wa pekee: hazikatiki, ila ncha zinapata utando. Zizungushe kwa kidole mahali zilipo. Kama kitu kimefufuka, toa zote, sugua ncha na vibanio.

Hatua ya 7: Relei, soketi na waya wa ndani

Relei ya kawaida ina miguu yenye namba. 85 na 86 ni za koili, 30 na 87 ndizo zinazopitisha umeme wa kazi. Mlio wa "tik" unathibitisha koili tu, haukuambii kama 30 na 87 zimegusana vizuri. Ibadilishane na relei nyingine yenye namba ileile, ya honi kwa mfano, na utazame kama ugonjwa umehama. Kama hitilafu ni ya joto, fungua kifuniko cha relei na utazame viungo vya risasi kwa lenzi: duara jembamba la ufa kuzunguka mguu ndilo unalolitafuta. Kuyeyusha risasi upya kunaponya. Kifaa chochote unachokishuku kwa joto kipulizie kikaushia nywele, ugonjwa uje ukiwa umekaa nao mezani.

Soketi zifungue na uzitazame. Pini nyeusi au plastiki iliyobadilika rangi ni alama ya joto, na joto ni alama ya mgusano mbaya. Kibanio cha kike kilichopanuka kikaze taratibu kwa sindano.

Kwenye mpira wa bawaba ya mlango au wa buti, shika waya mmoja mmoja na uuvute polepole. Unaonyumbuka kama mpira umekatika shaba ndani, ganda tu ndilo limebaki. Wakati wa kuunga, kata hadi ufikie shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi. Tumia unene uleule wa waya, na uhamishe kiungo mbali na mahali panapokunjwa, maana sehemu iliyoshikwa na risasi ni ngumu na itavunjika ukingoni.

Kisha kuna kazi za wamiliki waliotangulia: vile vibano vya plastiki vinavyotoboa waya bila kuukata, nyaya za spika zinazolisha taa za ukungu, mafundo ya tepu inayonata mikono. Sibishani navyo tena. Navitoa vyote kabla ya kutafuta kingine chochote, hata kama havihusiani na tatizo lililonileta.

Hatua ya 8: Kuthibitisha

Gari lililokuwa linagoma injini ikiwa ya moto halijapona kwa kuwaka asubuhi. Rudi kwenye daftari, tengeneza hali ileile: joto lilelile, taa zilezile, mwinuko uleule, maji ya bomba kwenye kioo kama mvua ndiyo iliyokuwa ikilileta. Pima tena pale ulipopima likiwa gonjwa na uandike namba mbili pembeni kwa pembeni, ya kabla na ya baada. Kama huna namba iliyobadilika, umegusa kitu tu, hujatengeneza.

Ukiwa hapo, pima na pointi zote tano za hatua ya 4 gari likiwa zima, uziandike na tarehe, karatasi ikae kwenye kidroo cha dashibodi. Miezi sita baadaye rudia. Ethi ya injini iliyokuwa 0.15 ikisoma 0.3, fungua bolti ile siku hiyo hiyo, stata bado ikiwa inazunguka.